Neno Zima

Kurenti ilirudi saa nne usiku,
kama mgeni asiyeeleza alikokuwa.
Nikawasha kompyuta ya biro, pale Katindo,
kioo chake kina ufa tangu tetemeko,
pembeni sambaza za kukaanga ndani ya karatasi
ambayo zamani ilikuwa fomu.

Shefu alikuwa ameacha kikaratasi:
"Wakubwa hawataki tena 'hai'.
Wanataka 'amepatikana'. Kesho saa mbili."
Mafaili mia mbili na kumi na mawili,
kila faili kata, kila mstari mtu
aliyekimbia mlima usiku ule wa mbingu nyekundu:
jina, kazi, avenyu, hali.

Ningefungua moja moja ningezeeka.
Nikaandika kama alivyonifundisha Kavugho:

    sed -i.bak 's/hai/amepatikana/g' *.txt

Ile g ya mwishoni maana yake:
kila utakapokutana nalo, usiliache.
Nikabonyeza. Mashine haikuguna.
Mashine hizi zikitii hazisemi kitu.

Nikafungua faili la Majengo, nijipongeze.
Bwana Rutsinga, muuza chai wa Birere,
amekuwa muuza camepatikana.
Nikacheka peke yangu, mdomo una samaki.
Kijana mmoja aliyejiandikisha kuwa mshairi
(kila kata ina wake, hata kambini)
sasa ni msamepatikanari,
na labda hata hajali.

Halafu nikaacha kucheka.
Maana mashine haijui neno linaanzia wapi.
Inaona h, a, i, zimeshikana mikono,
haiulizi zimeshikana na nani tena.
Na kila palipoandikwa "haijulikani"
iling'oa mlango, ikaacha nyumba:
amepatikanajulikani,
amepatikanajulikani,
watu elfu moja mia tatu na wanne
kwa kupepesa jicho.

Mstari wa kumi na saba:
Muhindo Kasereka, msukuma chukudu,
avenyu Mitumba,
amepatikanajulikani.

Kaka yangu.

Niliuacha hivyo kwa muda. Sitasema dakika ngapi.
Nje mtu alikuwa akisukuma mzigo juu ya mawe,
magurudumu ya mbao yakilia kama yale ya kwake,
lakini magurudumu yote ya mbao hulia hivyo.

Kisha nikarudisha. Zilikuwepo zile nakala za .bak,
asante Kavugho, uliyeniambia:
usiguse maandishi ya watu
kabla hujaficha ya zamani chini ya godoro.

Mara ya pili nikajenga ukuta.
Hapa Goma kila kiwanja kina ukuta wa mawe meusi,
mawe yale yale yaliyotuunguza
tumeyapanga hadi usawa wa bega
jirani ajue pa kuishia.
\b huku, \b kule, neno katikati:

    sed -i.bak 's/\bhai\b/amepatikana/g' *.txt

Waliokuwa hai wakapatikana. Chai ikabaki chai.
Wasiojulikana wakarudi kutojulikana,
na Muhindo pamoja nao.
Nilimrudisha mimi, kwa vidole hivi.

Shefu alisema: kazi safi.
Akaniongezea karatasi za mwezi ujao.

Siku nyingine kurenti ikiwapo na biro ikiwa tupu
natafuta tu, sibadilishi chochote:

    grep -n hai majengo.txt

Bila -w, bila ukuta.
Anakuja muuza chai. Anakuja mshairi.
Wanakuja wengine nisiowajua.
Namba kumi na saba, anakuja yeye,
haijulikani,
na herufi tatu za mwanzo
mashine imezipaka rangi nyekundu.