Kisigino cha Akina Bouliane

Baba alifia thelujini, sepeto mkononi,
njia ya kutoka mlangoni hadi barabarani imefika nusu.
Arobaini na tatu. Chicoutimi, mwezi wa pili,
kahawa yake ingali inafuka dirishani.
Majirani walizoa ile nusu iliyobaki
ili gari la maiti lipate kupita.

Kabla yake babu Onésime, thelathini na tisa.
Kabla yake shangazi Fernande, unga ungali vidoleni.
Padri alisema: kazi ya Mungu haina makosa.
Daktari wa zamani alisema: siagi.
Bibi alisema moyo wa kwetu hupenda kupita kiasi,
basi hupasuka.

Hakuna aliyetaja kisigino.

Karibu sote tulikuwa nacho,
kano nene nyuma ya mguu, ngumu kama fundo la kamba.
Kiangazi, gatini pale ziwani, binamu walipanga miguu
wapimane nani ana fundo kubwa,
na baba, bingwa wa kila mwaka, akicheka:
"Huu muhuri wetu. Hakuna wa kuughushi."

Kumbe lehemu.
Mafuta yaliyobisha hodi kwenye ini, yakakosa mlango,
yakaenda kuketi popote:
kisiginoni, kwenye kope za Fernande,
na ndani, gizani, ukutani mwa mishipa ya moyo.

Binti wa maabara alinichorea nyuma ya risiti.
Kila mtu ana nakala mbili za kitabu, alisema,
moja ya mama, moja ya baba.
Yako ya baba, ukurasa wa kwanza umechanwa.
Nikamuuliza: nani aliuchana?
Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeulizwa umri wa mvua.
Labda mtu mmoja aliyeshuka melini na kifua kizima,
akazaa, wakaoana, msitu ukawafungia pamoja.

Kaka yangu Réjean, nakala zake zote nzima.
Alilia ndani ya gari.
Nilidhani ni furaha, mpaka akavua soksi
akaushika mguu wake laini
kama mtoto aliyefutwa kwenye wosia.

Noélie ana miaka sita.
Damu yake imo kwenye kichupa, njiani kwenda Quebec.
Ninapomfunga viatu vya barafu, kidole gumba changu
hupita nyuma ya mguu, mara moja, mara mbili.
Laini. Lakini hata baba, akiwa na sita, alikuwa laini.
"Mama, unanitekenya."

Wahenga husema mwana hutazama kisogo cha nina.
Basi namegeukia. Kila usiku nameza kidonge mbele yake,
nafungua mdomo wazi aone kimeshuka,
naye hupiga makofi.

Bahasha haijaja. Theluji imekuja.
Nazoa. Pale katikati ya njia nachomeka sepeto,
nasimama, nahesabu hadi mia moja,
naye dirishani anahesabu nami kwa vidole.
Halafu ile nusu nyingine.