Moja kwa Themanini na Saba

Boksi limefika kutoka kwa Khelef, Dubai.
Ndani, behewa moja la abiria, vipande sitini na viwili,
plastiki ya kijivu, bado vimeshikana
kama ndizi mbichi kwenye chana,
na karatasi ya maelekezo isiyojua Kiswahili.

"Bei gani?" aliuliza Mize.
Nikasema zawadi haina bei.
Akaokota risiti chini ya meza, akaisoma mara mbili,
akaikunja, akaitia kwenye mkebe wa sukari.
Siku tatu nimekunywa chai chungu.

Mimi ni fundi saa, Mkunazini, mwaka wa arubaini na moja huu.
Nusu ya unywele kwangu ni kosa kubwa.
Nimevaa lenzi jichoni, nimelikagua:
ribiti mia mbili na kumi kila ubavu, nilizihesabu,
vishikio vya milango, ngazi,
kibati cha namba kisichosomeka kwa jicho tupu.
Hakuna kosa. Wallahi hakuna kosa.
Ila si behewa letu.

Hili lina vioo. Lina mapazia ya kuchonga.
Lina choo. ("Choo cha nani," Mize akacheka, "cha sisimizi?")
Letu lilikuwa wazi pande zote,
paa juu ya nguzo, na turubai la kushusha mvua ikija.
Ndivyo alivyosema bibi yangu Mwanakheri,
aliyelipanda mara moja tu, Ngome Kongwe hadi Bububu,
akalisimulia miaka sitini bila ya kubadilisha neno,
isipokuwa idadi ya cheche
zilizotoboa kanga ya mama yake.
Tatu. Halafu saba.
Mwaka aliofariki, kumi na moja.

Mwenye kiwanda amepima kwa chuma,
mimi nina maneno ya kikongwe.
Yeye hakukosea hata ribiti.
Amekosea kisiwa.

Nikachukua kisu.
Dirisha la kwanza mkono ulinitetemeka, kitu cha bei ile.
La kumi na sita nilikuwa napiga mbinja.
Nguzo nimechonga kwa vijiti vya mshikaki,
turubai nimekata kikoi cha marehemu baba:
kwa kipimo hiki kila uzi ni kamba ya meli.
Najua. Nimeuacha.

Na benchi, lilikaa watu wangapi?
"Watano," alisema bibi, "na wa sita mkipendana."
Nimepima watano.
Wa sita nimemwachia milimita mbili na nusu.

Mtu wa hoteli ya Shangani alikuja kufuata saa yake,
akaliona juu ya kitambaa, akainama.
Analitaka ukumbini, ndani ya kisanduku cha kioo.
Akataja bei mara nne ya ile iliyo kwenye sukari.
"Ila lirudishie madirisha," akasema, "na rangi ing'are.
Wageni wanapenda treni iwe treni."

Nyuma ya pazia kijiko cha Mize
kikaacha kulia ndani ya kikombe.

Nilimwambia saa yake bado inachelewa dakika mbili,
arudi Jumatatu.

"Mara nne," alisema Mize usiku. "Nimesikia."
Kisha akauliza, "Na bibi yako alikaa wapi?"
Hakukaa. Benchi zilijaa.
Alisimama ukingoni, miaka tisa, ameshika nguzo.

Akaenda jikoni, akarudi na mkebe,
na karafuu moja kavu, kichwa chake kizima.
Nikaipima: milimita kumi na tano.
Mara themanini na saba, nikakokotoa nyuma ya risiti
huku punje za sukari zikinikwaza kalamu:
mita moja na thelathini, na nusu sentimita juu.
Mtoto wa miaka tisa, mrefu kidogo.
Nimeisimamisha kwenye nguzo ya tatu, upande wa bahari.

Jumatatu ni kesho kutwa. Sijui nitasema nini.
Chai ya leo ina sukari,
nyingi mno.