Kuhesabu Hadi Tano

Kashata, keti.
Ameketi nusu. Kiuno kimegusa nyasi,
mabega yameshakwenda,
masikio yako juu kwenye waya wa umeme
ambako kunguru wanne wa Tudor wanagombea
kipande cha kiazi karai.

Moja.
Sikufika mbili.

Uwanja wetu uko nyuma ya karakana ya Luvuno:
fito kumi na mbili za mikandaa zimechomekwa mstari mmoja,
pipa lililokatwa pande zote mbili ndilo handaki,
na mlango mkuukuu wa choo, juu ya matofali,
ndiyo meza ya kungojea.
Hapo ndipo tunaposhindwa.
Kuruka anaruka. Handaki analipita kama uzi tunduni.
Lakini meza inataka apande, alale,
anitazame, nihesabu tano,
na dunia ingoje nje ya hesabu.

Dunia ya Mombasa haina adabu hiyo.
Tuktuk inakohoa. Muuza kahawa anagonganisha vikombe.
Saa kumi na mbili na nusu tu,
na mabati yameshaanza kupumua moto.
Nami napaza: Kashata! Kashata, tulia!
Kashata, huku! Kashata, Kashata,
hadi jina likalegea kama mpira wa kaptura kuukuu.

Bi. Mwanashee, fundi wa madera, ghorofa ya pili
(hamgusi mbwa, wala haguswi;
siku Kashata alipompitia upindo wa buibui
aliufua mara saba, moja kwa mchanga,
asinisemeshe wiki nzima)
akatoa kichwa dirishani, pini mdomoni:
“Mbona wamwita hivyo? Huyo si kiziwi.
Jina lake umelifanya kelele za njiani,
na kelele za njiani keshazizoea.”
Cherehani ikaendelea.

Niliudhika.
Nikapanda mwenyewe juu ya mlango wa choo,
nijaribu tano bila kutikisika.
Kwenye tatu nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni.

Basi tukaanza upya, chini kabisa.
Mtazamo mmoja, dagaa mmoja.
Asiponitazama, kimya. Nasimama kama nguzo ya taa,
jasho likinitambaa mgongoni,
namngojea anayejifunza kungojea.
Kunguru anatua. Shingo yake inamfuata.
Halafu, polepole, kama mtu
aliyekumbuka chungu motoni,
macho ya kahawia yanarudi kwangu.
Dagaa!

Sekunde ya mbwa ni kubwa, nimeipima.
Imebeba paka wa buchani na harufu ya mifupa,
imebeba mtoto na mpira wake,
na bado akachagua uso wangu,
ambao hata kunyolewa haukunyolewa.

Mashindano yalikuwa Nyali, uwanja wa shule.
Mbwa wa wenyewe walikuja na mito ya kulalia.
Wangu alikuja na kamba ya leso.
Aliruka fito ya tisa. Aliangusha kiunzi.
Kisha akapanda meza, akalala.
Mwamuzi: moja.
Kunguru akatua hatua tatu kutoka puani pake,
naapa, kama aliyetumwa kutoka Tudor.
Mbili. Sikumwita.
Tatu. Sikio moja likaenda.
Likaenda peke yake.
Nne. Aliyekuwa akitetemeka ni mimi.
Tano.

Tulikuwa wa kumi na moja kati ya kumi na wanne.

Asubuhi, kikapu kikashuka dirishani kwa uzi:
vitambaa vya rangi ya chungwa, mabaki ya dera.
“Zifunge fito, azione. Na kikapu changu asikinuse!”
Alikuwa ameshakinusa.
Kikapanda juu, kikizunguka taratibu.
Tukakaa chini, mimi na Kashata,
tukisikiliza maji yakimiminwa kwenye beseni.
Nikayahesabu hadi saba.
Hakuinuka.