Inchi Nne

Nilipolipa, nilikuwa sijaingia ndani.
Nililizunguka mara tatu, kama mtu anunuaye ng'ombe mnadani,
nikapiga tairi teke, nikasema "mmh."
Datsun ya milango miwili, ya mwaka sabini na moja,
nyekundu iliyopauka hadi rangi ya ubuyu,
miaka kumi na tisa chini ya turubai
Mtaa wa Rufiji, nyuma ya duka la marehemu Walji.
Kuku walikuwa wametaga kwenye buti.

Mjane wake, Bi Gulbanu, alihesabu noti mara mbili,
akanitazama toka viatuni hadi kilembani,
akauliza kwa upole wa mtu aliyekwisha kupokea hela:
"Mwalimu, utaingiaje?"

Swali zuri.
Mimi ni Holo binti Ng'wandu, futi sita peku,
niliyefunga magoli ya netiboli bila kuruka.
Goti la kulia lina kumbukumbu zake,
na nyonga, namshukuru Mungu, hazijapungua.

Nilianza na mguu. Mguu ukakubali.
Nikaleta kiuno; kiuno kikaomba muda.
Kichwa kikabaki nje, juu ya mlango,
kama twiga aliyepandishwa bajaji.
Watoto wa mtaa walikaa juu ya jiwe,
lile kubwa lililoegemea choo cha Walji,
wakanishangilia. Mmoja akapiga kelele:
"Aingie kinyumenyume!"
Nikajaribu. Alikuwa sahihi:
makalio kwanza, kichwa, halafu mguu mmoja mmoja,
kama mtu akunjaye mwavuli kwenye upepo.
Nikawa ndani.
Magoti masikioni. Usukani umenilalia mapajani.
Paa limenibonyeza utosi, linanifundisha adabu.

Tulilivuta kwa kamba hadi Nyakato.
Fundi Musiba, Mkerewe, maneno yake ya kupima kwa kijiko,
hakugusa injini siku ya kwanza.
Alinipima mimi:
paja, mgongo, kiwiko hadi kwenye gia.
"Injini itapona," alisema.
"Ila gari lisilokutosha ni kiatu cha kupewa."

Akarudisha reli za kiti nyuma.
Akaleta usukani mdogo, sikuuliza wa nini.
Kisha akachana kiti,
na ndani hapakuwa na sponji.

Pamba.
Pamba ya kushindilia kwa ngumi, tabaka juu ya tabaka,
nyingine na mbegu zake bado,
pamba kama ile baba aliyoipeleka mizanini Kisesa
akarudi na kilo mbili za sukari na kimya.

Hapo nikamwona tena Walji.
Nilikuwa darasa la nne; alipita barabara ya Makongoro
na tulionao barabarani tukaapa
gari lile linajiendesha,
maana juu ya usukani palikuwa na kofia tu.
Kila mwaka, nadhani, aliongeza konzi moja.
Uzee unamshusha, pamba inampandisha,
ili barabara isimpotee.

"Tutoe?"
Likatoka nusu gunia.
Nikashuka inchi nne alizozipanda yeye kwa maisha yake,
na paa likaniacha.

Jumapili nilipitia Mtaa wa Rufiji.
Sikupiga honi; injini ilishasema.
Bi Gulbanu akatoka na kandambili,
akafungua mlango wa kushoto,
akaingia kinyumenyume,
makalio, kichwa, mguu, mguu,
bila kufikiri, bila kuacha kunisimulia habari za luku.

Tulikwenda Igombe. Dagaa wameanikwa mchangani,
harufu ikaingia ikakaa katikati yetu kama mtoto.
Gari liko chini mno; ziwa, likitokea kati ya mawe,
linakuwa sawa na macho.
Kwenye kisahani cha majivu nilitia mbegu saba,
na kila tuta zililia.

"Nini hicho?"
Nikamwonyesha.
Alichukua moja, akaifumbata, akatazama nje muda mrefu.
"Punguza," akasema. "Yeye hakupita hamsini."
Nilikuwa arobaini na mbili.
Nikapunguza.