Ritifaa ya Muuza Viazi

Burnley, Jumamosi, manyunyu yasiyojua kuaga,
na Bwana Threlfall katoa tena ubao wake kando ya njia:
viazi, nyanya, karoti, kila neno la wingi
limechomekwa ritifaa kabla ya herufi ya mwisho
kama mwiba kisiginoni.
Wingi, Bwana Threlfall, si umiliki!
Nyanya zako hazimiliki kitu,
hata sanduku zinamolala si lao.

Sikuzaliwa na lugha hii.
Niliinunua kwa viboko, darasa la nne, Nyeri,
kwa Mwalimu Gathogo, aliyetoza fimbo kwa kila nukta iliyopotea;
ndiyo maana naumia kuwaona wenyewe wakiitupa
kama maganda ya chungwa.
Wodini, Janine ananiachia maelezo ya zamu,
kitenzi kisaidizi kakigeuza kihusishi:
anaandika asikiavyo.
Supamaketi, foleni ya vitu kumi,
wamevipima vitu kama maji, "kidogo",
wakati kila kimoja kinahesabika.
Nasaga meno, nalipa.
Mgeni hamsahihishi mwenye nyumba.

Lakini hapa nina dai.
Kwetu ritifaa si pambo. Iondoe,
ng'ombe hawezi kulia, ng'ambo haifikiki,
kung'ata kunabaki kibogoyo.
Mimi ni Nyaguthii Wang'ombe,
na kompyuta ya hospitali ilipofika katikati ya jina
ikasema: herufi batili.
Beji, kadi ya benki, barua ya kodi,
zote zimemchinja ng'ombe wangu.
Miaka tisa.
Kumbe alama ninayonyimwa mimi
karoti zinagawiwa bure, kwa kilo!

Leo niliamua kusema.
Sentensi nilikuwa nayo, nimeipiga pasi tangu jana.
"Gunia moja," nikaanza, "naingia zamu, niwekee hadi jioni."
Akachomoa kalamu sikioni. "Jina?"
Nikalitamka mara moja, kama mama anavyolitamka.
Hakuuliza herufi. Aliinamia karatasi ya kaki, ulimi nje,
akaandika W, A, N, G,
na pale pale, bila kusita, akaidondosha.
Ritifaa yangu. Mahali pake.

Kisha akafika mwisho wa jina
akaongeza nyingine,
kama mtu anayetupia kiazi kimoja juu ya kipimo.

Ile sentensi
nimerudi nayo nyumbani, imejikunja mfukoni.