Jina la Nane

Kijiji chetu kina mtaa mmoja tu,
na huo nao umepinda, kama uliokwepa jambo.
Nyumba ishirini na mbili, daraja la mawe,
kinu kilichouziwa gurudumu lake kwa bei ya chuma chakavu,
na stesheni isiyo na reli: kondoo hungojea pale
treni iliyopita kabla sijazaliwa.

Shule ilipouzwa, fundi wa paa alikuta darini
daftari la mahudhurio, pembe zimeliwa na panya.
Ishbel Gauld akaliomba. Nani mwingine angelitaka?

Mwalimu Runciman aliandika kwa mwandiko wa kubana:
“Oktoba. Watoto kumi na tisa hawakuja. Viazi.”
“Januari. Theluji hadi dirishani. Nimewasha moto, nimekaa peke yangu.”
“Machi. Akina Tosh wote wamehamia Kanada.
Nimefuta majina matano kwa mstari mmoja.”

Ishbel alisoma jikoni, chai ikipoa,
mpaka akawafikia wavulana wanane
wa benchi la nyuma, karibu na jiko.
Saba twawajua: wako kwenye jiwe la itale
pale njia panda, herufi zimechongwa, zikajazwa risasi.
Risasi iliwaua, risasi ikawaandika.

Wa nane, Wattie Mearns, hayupo.

Yeye alirudi. Alirudi na mapafu yaliyounguzwa na gesi,
akakohoa miaka miwili kitandani kwa mama yake
hadi majirani wakazoea,
kama mtu azoeavyo mlango unaogongwa na upepo.
Aliponyamaza, mchongaji alikuwa ameshalipwa, kwa herufi,
na kamati ikasema: jiwe ni la waliofia ng’ambo.
Mama hakubisha. Aliacha tu kupita njia panda;
kwenda kanisani alizungukia kwenye tope la mto.
Kile kijia kipo bado. Twakiita Kijia cha Mearns,
wala hatukuwahi kuuliza.

Sasa kila Novemba, kabla mchungaji hajaleta shada,
Ishbel hushuka na kigoda na chaki,
akaandika chini ya wale saba: W. MEARNS.
Mvua ya kwetu haichelewi. Kufikia Jumanne amefutika.
Ishbel hurudi na kigoda.

Diwani alimshauri apeleke ombi, fomu zipo.
“Fomu!” akasema. “Mwalimu ameita jina.
Mimi namwitikia tu.”

Mwaka huu dukani hapakuwa na chaki nyeupe,
ila pakiti ya watoto, ya rangi rangi.
Tulisimama mvuani, kofia mikononi.
Wattie Mearns: yupo.
Kwa rangi ya waridi.