Majira ya Tano

Kalenda ya posta ilikuwa na picha nne:
theluji, ua, mavuno, jani linalodondoka.
Miaka ishirini na sita niliitundika juu ya meza yangu
nikiwagongea watu tarehe kwenye bahasha zao
kana kwamba siku ni mali yangu, nami naigawa.

Kisha posta ikafungwa.
Wakanipa keki ya mdalasini na saa ya ukutani.
Mwezi huohuo Kalju akaurudisha ufunguo wake,
akauweka mezani taratibu,
kama mtu anayerudisha kitabu cha maktaba
alichokisoma nusu.

Nikaja huku kwa mama. Mama hayupo; nyumba ipo.
Nilikuja kuipaka rangi niiuze.
Machi, theluji imekuwa kijivu kama sufuria kuukuu.
Nikapanga: juma la kwanza madirisha,
la pili paa,
la tatu dalali.

Usiku wa Alhamisi maji yakaingia.
Hayakuja kwa kishindo.
Mito ilichoka tu kukaa mitoni.
Asubuhi barabara haipo,
na kuni zangu zaelea kuelekea kwa jirani
kwa adabu, moja nyuma ya nyingine,
kama wageni wa arusi.

Mama aliyaita majira ya tano,
bila fahari,
kama mtu anavyokiri kwamba ana binamu mlevi.
Si baridi tena. Kuchipua bado.
Msitu unasimama majini hadi magotini
na haumuulizi mtu utakauka lini.

Kijana Aadu akafika juu ya ua wa bustani
ndani ya mtumbwi aliouchonga kwa gogo moja
na kuutanua kwa moto.
Kaleta mkate mweusi, mafuta ya taa, betri.
"Dalali atafika lini?" nikamuuliza.
"Akiota mapezi."
Akanipa kasia, akarudi kwao na kakaye,
mtumbwi akaniachia.

Nina miaka hamsini na mitatu.
Chumvi niliyokula yatosha kukausha samaki wa majira mawili,
na sijawahi kupiga kasia katikati ya miti.
Nikagonga mbetula. Nikaomba radhi.
Nikagonga mwingine, huyo sikumwambia kitu.

Pale kwenye mlonge wa miti, vipande vya barafu
vikigongana kama vikombe vinavyooshwa,
joto likanipanda kutoka kifuani,
lile la mwaka huu, lisilobisha hodi.
Ofisini nilijificha nalo stoo, nikijipepea kwa fomu.
Huku nilivua skafu, nikavua koti,
nikakaa na fulana ndani ya Machi
huku mvuke ukinitoka mabegani
kama farasi aliyetoka kulima.
Korongo wawili wakapita juu, wakipiga kelele.
Nami nikapiga. Nani angesikia?

Sanduku la barua la mama lilikuwa limesalia,
shubiri moja juu ya maji.
Mkono wangu ulilifungua wenyewe, kwa mazoea.
Ndani, panya mdogo wa shambani,
ameketi juu ya tangazo la mikopo,
macho mawili ya wino.
Tukatazamana, wapangaji wawili.
Nikamega mkate, nikauingiza,
nikashusha kifuniko nusu, apate hewa.

Kwenye mwimo wa mlango mama alichora mistari,
kila gharika na kimo chake,
penseli, mwandiko wake wa kuegemea kushoto.
Mwaka niliozaliwa upo, karibu na kitasa.
Mwaka wa mazishi ya baba uko chini, maji kidogo.
Kuna mmoja juu kabisa ambao hakuuelezea kamwe.

Jioni nilipiga magoti ukumbini,
soksi zimelowa, mkebe wa rangi bado umefungwa.
Nikachora mstari wangu, umepinda kidogo.
Kisha nikainua penseli niandike tarehe,
kazi niliyoifanya maelfu kwa maelfu ya mara.

Sikuandika.
Maji yalikuwa bado yanapanda.